Kuua na Hatia ya Kuua: Kesi ya Ukambani ya Mwaka 1932

Kitenzi "kuua" hueleza tendo, hakimhukumu mtendaji. Mwindaji huua paa, askari huua adui, mnyang'anyi huua mwenye mali. Hukumu huletwa na maneno yanayoongezwa: kwa kukusudia, kwa bahati mbaya, kwa haki. Swali la kihistoria ni nani mwenye mamlaka ya kuyaongeza.

Mwaka 1932 Mahakama Kuu ya koloni la Kenya iliwatia hatiani wanaume 70 wa Ukambani kwa kumwua mwanamke aliyedaiwa kumroga mke wa mmoja wao. Kwa mila ya Wakamba iitwayo king'ole, jamii iliweza kumwua aliyesadikiwa kuwa mchawi, baada ya shauri la wazee. Kwao mchawi ndiye muuaji, na kumwondoa ni kuulinda mji. Sheria ya kikoloni, kwa upande wake, ilifasili hatia hiyo kuwa kusababisha kifo kwa tendo lisilo halali na kwa nia mbaya iliyotangulia. Kwa kuwa haikuutambua uchawi kuwa silaha, walinzi wa mji walihesabiwa wauaji. Watu 60 walihukumiwa kifo. 10 waliepushwa na adhabu hiyo kwa uchanga wa umri. Baadaye gavana alizigeuza hukumu za kifo kuwa vifungo.

Yafaa kutambua kwamba pande zote mbili ziliamini kuwa kuna kuua kulikohalalishwa: wazee kwa king'ole, serikali kwa kitanzi. Zilihitilafiana juu ya mwenye kuhalalisha. Hata hivyo, ubora wa fasili ya mahakama usipuuzwe, kwani iliupima uhai wa mwanamke mmoja sawa na rai ya wanaume 70.

Fasili hiyo nayo haikusimama pale pale. Mwaka 1941, katika kesi ya Fabiano Kinene kutoka Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilikubali kwamba hofu ya uchawi, katika hali maalumu, yaweza kuwa uchokozi unaoipunguza hatia ikawa kuua bila kukusudia. Na mwaka 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Upeo ya Kenya iliamua kwamba kumlazimisha hakimu atoe hukumu ya kifo kwa kila muuaji ni kinyume cha Katiba.

Basi anayetafsiri sheria kwa Kiswahili hatoshelezwi na kitenzi peke yake. Neno analoliongeza ndilo lililowahi kuwatenga watu 60 na kitanzi.