Ukuta wa Maillebois: Historia ya Ugonjwa wa Sungura

Ninyi mlio darasani pamoja na mwalimu wenu, wekeni daftari na penseli karibu, kwa maana leo yako maneno machache mapya. Na ninyi mnaosoma somo hili baada ya kulisikia, someni polepole. Pale msipofahamu, rudieni.

Leo tutazungumza habari za ugonjwa. Si ugonjwa wa watu, ni ugonjwa wa sungura. Huenda mmoja wenu akauliza, "Sungura naye ana historia gani?" Ngojeni mpaka mwisho, kisha mjibu wenyewe.

Kwanza tupambanue jambo moja. Katika Kiswahili tuna neno moja, sungura, kwa wanyama wawili wasio sawa. Yule wa hadithi zetu, yule mjanja anayemshinda fisi, ni sungura wa nyika. Hachimbi shimo, hulala juu ya ardhi penye majani, na watoto wake huzaliwa na manyoya na macho wazi. Yule tunayemfuga katika vibanda ni mwingine. Asili yake ni Ulaya, hasa Hispania na Ureno. Porini huchimba mashimo, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu. Leo tutamwita sungura wa mashimo. Shikeni tofauti hiyo, maana habari yote inaitegemea.

Mwaka wa 1896, katika mji wa Montevideo, Amerika ya Kusini, mtaalamu mmoja Mwitaliano jina lake Giuseppe Sanarelli aliona sungura wake wa Ulaya wakifa. Macho yao yalivimba yakafumba, vichwa vikajaa uvimbe, na baada ya siku chache wakafa. Ugonjwa huo ukaitwa miksomatosi. Unaletwa na kirusi, yaani kijidudu kidogo mno kisichoweza kuzaana ila ndani ya mwili wa kiumbe kingine. Sungura wa porini wa Amerika ya Kusini walikuwa nacho tangu zamani, nacho hakikuwadhuru sana. Kiliwatia kivimbe kidogo tu. Lakini kwa sungura wa Ulaya kilikuwa mauti. Mbu na viroboto hukichukua mdomoni kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mzima, kama sindano chafu.

Sasa twende Australia. Mwaka wa 1859, tajiri mmoja aitwaye Thomas Austin aliletewa sungura wa mashimo kutoka Uingereza, akawaachia katika shamba lake ili apate kuwinda. Wakazaana, wakaenea, wakala malisho ya kondoo nchi nzima. Mwaka wa 1950 serikali ikawatilia kirusi cha miksomatosi. Mbu wa mtoni wakakichukua, na sungura wakafa kwa mamilioni. Watu wakaingia hofu, wakadhani ugonjwa huo unaambukiza binadamu. Ndipo wataalamu watatu, Frank Fenner, Macfarlane Burnet na Ian Clunies Ross, walipojidunga kirusi hicho wenyewe mwaka wa 1951. Hawakuugua. Hofu ikatulia.

Lakini angalieni. Baada ya miaka michache sungura wengine walipona. Kirusi chenyewe kilibadilika, kikawa si kikali kama mwanzo, na sungura waliosalia wakazaa watoto wenye nguvu ya kukipinga. Andikeni neno hili katika daftari: kirusi hubadilika. Tutarudi kwalo.

Habari za Australia zilifika Ufaransa. Huko aliishi daktari mstaafu, Paul-Félix Armand-Delille, mwenye shamba kubwa mahali paitwapo Maillebois. Sungura walimla mali yake. Shamba lake lilizungukwa na ukuta, naye aliamini kwamba ukuta huo utatosha. Basi mwezi wa Juni, mwaka wa 1952, aliagiza kirusi kutoka Uswisi, akawadunga sungura wawili, akawaachia. Wawili tu.

Sungura wa shambani mwake wakafa kama alivyotaka. Lakini mbu hajui ukuta, wala kiroboto haombi ruhusa ya kupita. Muda haukupita mrefu, sungura wa jirani wakafa, kisha wa mikoa mingine. Mwaka wa 1953 ugonjwa ulifika Uingereza na Hispania pia. Kufikia mwaka wa 1954, katika kila sungura 10 wa porini wa Ufaransa, 9 walikuwa wamekufa. Mwaka wa 1955 daktari yule alitozwa faini ya faranga 5,000. Mwaka wa 1956 akapewa nishani. Ndiyo, mtu yule yule kwa jambo lile lile. Wawindaji na wafugaji wa sungura walimlaani. Wakulima wa nafaka na wenye misitu walimshukuru.

Je, sungura wa nyika wa Ulaya walipatwa na nini? Hapo mwanzo karibu hawakuguswa. Ni wachache tu walioonekana wagonjwa. Kwa miaka zaidi ya 60 watu walisema huo ni ugonjwa wa sungura wa mashimo, haumhusu mwingine. Walitegemea ukuta wa pili, usiojengwa kwa mawe: tofauti ya mnyama na mnyama.

Mwaka wa 2018, wakati wa kiangazi, ukuta huo nao ulipitwa. Kusini na katikati ya Hispania, sungura wa nyika walionekana wamesimama mashambani, macho yamevimba, hawamwoni mtu hata akiwakaribia. Wengi wakafa. Wataalamu walipokipima kirusi, waliona kimepata kipande kipya cha urithi kutoka kwa kirusi kingine cha jamii yake. Ni kama barua iliyobandikwa karatasi ya ziada yenye maagizo mapya. Punde ugonjwa ukaingia Ureno. Mwaka wa 2024 sungura wa nyika wa Ujerumani nao walikufa kwa kirusi cha namna hiyo.

Tena uko ugonjwa wa pili, wa kutoka damu ndani ya mwili. Ulionekana China mwaka wa 1984. Huharibu ini, na sungura aweza kufa kwa siku mbili au tatu. Mwaka wa 2010 kirusi kipya cha ugonjwa huo kilizuka Ufaransa. Hiki hakikuchagua sana: kiliua hata watoto wadogo wa sungura, kikaingia kwa sungura wa nyika wa Italia na nchi nyingine. Katika Hispania kimepatikana hata ndani ya miili ya panya wa mashambani na virukanjia, wale wanyama wadogo wenye pua ndefu. Mwaka wa 2020 kilienea kusini-magharibi mwa Marekani, kikaua sungura wa porini wa aina kadhaa ambao ugonjwa wa zamani haukuwagusa. Katika California ilibidi wataalamu wawakamate sungura wa aina moja adimu na kuwachanja, mmoja mmoja, wasije wakaisha.

Sasa mwaweza kuuliza, "Sungura wakifa, nani anapata hasara?" Katika Hispania yuko paka mwitu mkubwa aitwaye linksi. Chakula chake karibu chote ni sungura wa mashimo. Sungura walipopungua, naye akapungua. Na watu walimwinda, wakakata na vichaka vyake. Mwaka wa 2002 linksi hawakufika 100. Watu walifanya kazi ya miaka 20 kuwarudisha, na hesabu ya mwaka wa 2023, Hispania na Ureno pamoja, ilipita 2,000. Lakini linksi hao wangali wanategemea sungura, na sungura wangali katika hatari ya magonjwa hayo mawili.

Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Daktari wa Maillebois hakuwa mtu mwovu. Alikuwa na shida ya kweli, shida ambayo kila mkulima aijua. Kosa lake ni kudhani kwamba kitu chenye uhai kitakaa pale alipokiweka.

Basi kwetu sisi wafugaji somo ni hili. Sungura wako wakifa ghafula, usiwauze waliobaki, usimpe jirani, wala usiitupe mizoga porini. Zika mizoga, osha mikono na vyombo, kisha umwite bwana mifugo. Magonjwa haya hayamwambukizi mtu, lakini kiatu, nyasi na kibanda cha mtu huweza kuyasafirisha.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Sungura wa nyika na sungura wa mashimo wana tofauti gani?
2. Kwa nini ukuta wa Maillebois haukuuzuia ugonjwa?
3. Daktari yule alistahili faini, au nishani? Toeni sababu.

Kwa leo tunaishia hapa. Kwaherini, na someni kwa bidii.