Mama wa Tarime, Baba wa Ng'ambo: Historia ya Uzazi wa Ng'ombe wa Maziwa Mkoani Mara

Wanaosimulia habari za ng'ombe wa maziwa katika nchi hii aghalabu huanza kwa lita na humaliza kwa lita: wa kienyeji hutoa kibuyu, chotara hutoa ndoo, na tofauti iliyo baina ya kibuyu na ndoo ndiyo ihesabiwayo kuwa maendeleo. Hesabu hiyo ni ya kweli, walakini ina pengo mwanzoni mwake, kwa kuwa maziwa hayaji ila baada ya uzazi, na ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, hata akiwa wa nasaba bora kuliko zote za Uholanzi au Uskoti, humwachia mwenyewe mizoga miwili na deni. Ndiyo maana yafaa historia hiyo itazamwe pia kutoka zizini, usiku ule ng'ombe anapolala na kuinuka bila utulivu, ili ijulikane ni nani hasa aliyewezesha chotara kuzaliwa salama katika vilima vya Tarime na mbuga za Serengeti.

Ng'ombe wa Tarime ni mdogo wa umbo, mwenye nundu na pembe fupi, na wataalamu wa mifugo humweka katika jamaa moja na ng'ombe wekundu wa Iringa na weupe wa Singida, wote wakiitwa zebu wa pembe fupi wa Tanzania. Nundu asili yake ni Bara Hindi. Lakini katika miaka ya 1990 wataalamu wa Trinity College mjini Dublin, Ronan Loftus na Daniel Bradley wakiwa miongoni mwao, waliuchunguza ule urithi ambao ndama huupokea kwa mama yake peke yake, wakaona jambo lililowastaajabisha wengi: ng'ombe wenye nundu wa Afrika, kwa upande wa kikeni, hawatokani na India bali na Afrika, sawasawa na ng'ombe wasio na nundu wa bara hili hili. Tafsiri waliyoitoa ni kwamba nundu ililetwa na madume. Madume wa kigeni waliwapanda ng'ombe wa wenyeji, mitamba waliozaliwa wakapandwa na madume wengine wa namna ile ile, kizazi baada ya kizazi, hata nundu ikaenea kila mahali ilhali ukoo wa mama haukukatika.

Mama huyo ndiye aliyebaki Mara. Kwa Wakurya, kama kwa Wangoreme na Waikoma walio jirani zao katika wilaya ya Serengeti, ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni heshima ya mji, na jike asiyezaa hana nafasi kubwa katika hesabu ya mambo hayo. Sotoka ilipofagia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuyaacha mazizi matupu, mazizi hayo yalijazwa tena na watoto wa majike wachache waliosalimika. Wala hapakuwa na daktari wa kumpasua ng'ombe aliyekwama, wala dawa ya kumwongezea nguvu. Jike ambaye nyonga yake haikulingana na ndama wake alikufa, ndama akafa naye, na urithi wao ukazikwa pamoja nao. Karne nyingi za hukumu hiyo isiyo na rufaa zilichuja damu ya ng'ombe wa Tarime kuliko mfugaji yeyote mwenye kalamu na daftari angalivyoweza kuichuja.

Tuitazame hukumu yenyewe kwa karibu. Uzazi ukienda sawa, chupa hutangulia, kisha hutokea kwato mbili za miguu ya mbele, nyayo zikielekea chini, na juu ya magoti hulala pua ya ndama. Kichwa kikishapita, hubaki mabega, na hapo ndipo penye shida, maana mabega na kifua havina budi kupita katika pete ya mfupa ambayo haitanuki ila kidogo sana. Watu wa zizini huzitazama kwato: zikiwa nyembamba huvuta subira, zikiwa nene huanza kutafuta kamba na kumtuma mtu kwa bwana mifugo. Ndama wa zebu huzaliwa na uzito wa kilo 20 hivi, wa Jersey kilo 25, na wa Friesian kilo 40 au hata zaidi. Mtu akizisoma tarakimu hizo tatu peke yake, angeapa kwamba kumpandisha jike wa Tarime kwa mbegu ya Friesian ni kumwua.

Mbona basi hawakufa? Jawabu lilianza kupatikana mbali sana na Mara, tena kwa farasi. Mwaka 1938 Arthur Walton na John Hammond wa Cambridge walitangaza matokeo ya jaribio lao la kuchanganya farasi wa Shire, ambao ni majitu, na farasi wa Shetland, ambao ni vibeti, wakitumia uhimilishaji kwa kuwa maumbile yasingeruhusu njia nyingine. Watoto wote walikuwa nusu kwa nusu katika damu; hata hivyo yule aliyebebwa na mama wa Shire alizaliwa akiwa na uzito kama mara tatu wa yule aliyebebwa na mama wa Shetland. Tumbo la mama lilikuwa limeamua. Si baba aliyepewa amri ya mwisho juu ya ukubwa wa mtoto, bali mama aliyempimia chakula na nafasi kabla hajaiona dunia.

Kwa ng'ombe wenye nundu jambo hilo lilidhihirika zaidi. Huko Marekani, ambako zebu wa India walizaa kosaafu ya Brahman, wafugaji waliona kwamba jike wa Brahman aliyepandwa na dume wa Kizungu huzaa ndama mwepesi, ilhali jike wa Kizungu aliyepandwa na dume wa Brahman huzaa ndama mzito anayemtaabisha. Mwaka 1991 mtaalamu C. L. Ferrell alitangaza matokeo ya kuhamisha viinitete kutoka tumbo hadi tumbo: kiinitete cha Charolais, ng'ombe mkubwa wa Ufaransa, kilipolelewa na mama wa Brahman kilikua kidogo kuliko kilipolelewa na mama wa kosaafu yake. Ng'ombe wa Tarime si Brahman, wala sidai kwamba kila lililopimwa Marekani limepimwa Mara. Lakini chotara wa kwanza wa Friesian na zebu katika Afrika Mashariki aghalabu hafiki kilo 30 anapozaliwa, na mfugaji wa Nyamwaga au Mugumu aliyemkuta ndama wake asubuhi amekwisha simama ananyonya, ameyaona matunda ya kanuni ile ile.

Habari ya madume wa mara ya pili ni ya karibu zaidi. Mpwapwa, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha mifugo mwaka 1905, ndiko ilikotengenezwa kosaafu ya ng'ombe inayoitwa kwa jina la mji huo, mchanganyiko wa zebu wa India, zebu wa hapa na sehemu ndogo ya damu ya Ulaya. Mwaka 1949 Chris Polge, Audrey Smith na Alan Parkes wa London walipogundua kwamba gliserini huilinda mbegu ya dume isiharibike katika baridi kali, njia ilifunguka ya dume kuzaa katika nchi asizozikanyaga kamwe. Kwetu mirija ya mbegu ikawa yatoka katika kituo cha uhimilishaji cha Usa River, karibu na Arusha. Mitamba ikatoka Mabuki mkoani Mwanza. Kiwanda cha maziwa kikajengwa Utegi, ambayo zamani ilikuwa ndani ya wilaya ya Tarime. Na mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambao mkopaji hulipa kwa kumtoa mtamba wa kwanza aliyezaliwa, ulifanya uzazi salama kuwa ndiyo malipo yenyewe.

Katika shughuli zote hizo dume aliandikwa. Jike wa kienyeji hakuandikwa. Naliona hilo kuwa kosa kubwa.

Marekani walianza mwaka 1978 kuwapima madume wa Friesian wa kwao, waitwao Holstein, kwa wepesi wa uzazi, kila uzazi ukipewa alama toka 1, usiohitaji msaada, hadi 5, ulio mgumu kupita kiasi. Lakini ilichukua mpaka mwaka 2002 kuongeza kipimo cha pili, cha binti za dume wanapozaa wenyewe, nacho ndicho kinachohitaji kufikiriwa sana. Wepesi wa uzazi ni urithi wa pande mbili: jinsi ndama alivyoumbwa apite, na jinsi mama alivyoumbwa ampitishe. Pande hizi mara nyingi hupingana, kwani dume anayezaa ndama wembamba wasiotaabisha huenda akawaachia binti zake nyonga nyembamba, na taabu aliyoiepusha kwa mama ikawarudia mabinti. Mwaka 2009 John Cole na wenziwe walionyesha mahali katika kromosomu ya 18 ya Holstein panapohusiana na uzazi mgumu. Hata hivyo sehemu kubwa ya urithi huu imetawanyika katika jeni nyingi zenye nguvu ndogo ndogo, na katika tofauti zote zionekanazo zizini, zile zitokanazo na urithi huwa kama moja katika kumi, nyingine zikitokana na umri wa mtamba, lishe yake na mkao wa ndama tumboni.

Sasa tupige hesabu ya nyumbani. Jike wa Tarime akipandishwa kwa Friesian, ndama ana nusu ya damu ya mama. Mtamba huyo akipandishwa tena kwa Friesian, hubaki robo. Akipandishwa binti yake, hubaki asilimia 12.5. Maziwa huongezeka maadamu majani, maji na dawa ya kupe vipo, lakini mama anayebeba mimba ya tatu si yule tena aliyempimia ndama nafasi. Ni mama wa Kizungu kwa sehemu kubwa, mwenye kulea ndama wa Kizungu, katika boma lisilo na daktari wa kupasua, hasa huko vijiji vya Serengeti vilivyo mbali na barabara. Kwa mtamba wa kizazi hicho, mbegu ya Jersey katika mimba ya kwanza ni busara kuliko fahari ya Friesian mwingine, na kumpandisha kabla hajafikia theluthi mbili za uzito wa ng'ombe mzima ni kumdhulumu.

Nalo daftari halina gharama. Mhimilishaji anayeandika tarehe na jina la dume anaweza kuongeza safu mbili: ndama alizaliwaje, kwa alama zile zile tano, na mama ni wa damu gani. Hapo yule jike mdogo mwenye nundu angeingia katika kumbukumbu kwa mara ya kwanza, na mazizi yanayomhifadhi bila kumchanganya yangejulikana ni yapi na yako wapi; kwa kuwa chotara wa kwanza, aliye bora katika uzazi kuliko wote wanaomfuata, hawezi kupatikana upya ila kwa mama wa Tarime aliyebaki kuwa wa Tarime.