Kilimanjaro Haikuwa Zawadi: Mpaka wa 1886 Ukitazamwa Kutoka Kehancha

Kuna hadithi moja ambayo haitaki kufa. Waongoza watalii huisimulia, walimu huifundisha, na hata watu wenye elimu kubwa huipokeza bila kuihoji: eti mpaka wa Kenya na Tanzania umepinda pale Kilimanjaro kwa sababu Malkia Victoria alimtunuku mjukuu wake, Kaiser Wilhelm wa Pili, mlima ule siku ya kuzaliwa kwake. Hata huku Kehancha, mji wa Wakuria nchini Kenya, mamia ya kilomita kutoka theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ukigusia mpaka utasimuliwa habari za bibi na mjukuu.

Tarehe peke yake zinatosha kuizika hadithi hiyo. Serikali za Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuhusu mpaka huo kwa barua za tarehe 29 Oktoba na 1 Novemba 1886. Wilhelm wa Pili alitawazwa Juni 1888. Mwaka 1886 aliyekuwa Kaiser ni babu yake, Wilhelm wa Kwanza, mzee wa miaka 89. Mjukuu alikuwa kijana wa miaka 27 asiye na sauti katika mambo ya makoloni. Tena, Victoria alipojitokeza katika mapatano ya nchi hizi mbili ilikuwa 1890, naye alijitokeza kupinga: hakufurahia waziri mkuu wake, Salisbury, kuwaachia Wajerumani kisiwa cha Heligoland.

Kwa nini basi mstari umepinda? Jibu limo ndani ya mkataba wenyewe, ambao wengi wanaoutaja hawajausoma. Mpaka unaanzia mdomo wa mto Umba, unakwenda hadi ziwa Jipe, unavuka mto Lumi, kisha unapita katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga. Harry Johnston alikuwa amepata hati ya mapatano Taveta mwaka 1884 kwa niaba ya Waingereza. Mwaka uliofuata Karl Jühlke, kwa niaba ya Wajerumani, akapata yake Moshi kwa Mangi (mtawala wa Wachaga) Rindi, yule ambaye Wazungu walimwita Mandara. Sultani Barghash wa Zanzibar naye alikuwa amemtuma Jenerali Mathews kupandisha bendera yake huko huko. Rindi alikuwa na wapinzani wake miongoni mwa mamangi wenzake, na kila mgeni mwenye bunduki kwake alikuwa mtu wa kutumiwa. Tafsiri hii, kwamba mstari ulipinda kufuata hati na madai hayo, ndiyo ninayoishika, kwa sababu inawaona watu wa mlimani kama watu waliokuwa na hesabu zao. Ile ya zawadi inawafanya kuwa sehemu ya kifurushi.

Lakini ubaya mkubwa zaidi wa hadithi ya zawadi ni kwamba inatufanya tuukazie macho mlima, na sehemu ya mpaka iliyotuumiza sisi ni ya upande wa ziwa. Baada ya kuuzunguka mguu wa kaskazini wa Kilimanjaro, mkataba hauna tena la kusema kuhusu mtu yeyote. Hautaji mto, kilima wala kabila. Unakwenda moja kwa moja hadi pale ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria unapokatwa na latitudo ya digrii 1 kusini, jirani na Muhuru. Percy Anderson wa Uingereza na Friedrich Krauel wa Ujerumani, waliojadiliana London, hawakuwa wamefika Bukuria, nchi ya Wakuria. Walikuwa na ramani na rula.

Chukua ramani uone rula ilivyofanya kazi. Kehancha iko kusini ya digrii ile ya kwanza. Kama mpaka ungefuata latitudo kutoka ziwani kwenda mashariki, mji huu ungekuwa wa Wajerumani na leo ungekuwa Tanzania. Tumekuwa Wakenya kwa sababu mstari unateremka kwa mshazari kuelekea kusini-mashariki ukiufuata mlima, na katika kuteremka huko ukawapasua Wairege, Wanyabasi, Wakira na Wagumbe, koo zenye mabaraza yao ya inchama na malisho yao, zisizojua kwamba zimegawanywa.

Mkataba wa 1 Julai 1890 uliusukuma mstari kuvuka ziwa hadi mpaka wa Kongo. Ibara yake ya sita iliruhusu mipaka irekebishwe kwa makubaliano ya pande mbili, kulingana na mahitaji ya mahali. Tume ya pamoja iliyopima kutoka ziwani, ya Kapteni Smith wa Uingereza na Kapteni Schlobach wa Ujerumani, ilifanya kazi kati ya 1904 na 1906. Hapo ndipo mpaka ulipotoka kwenye karatasi ukaingia mashambani. Mahitaji ya mahali yaliyopimwa hayakuwa ya Wakuria.

Wapo wanaosema mpaka ulikuwa wino tu, kwa vile watu waliendelea kuuvuka, kuoana na kuchunga. Sina subira na hoja hiyo. Mtu anaweza kuvuka mpaka kila siku na bado akalipa kodi ya nyumba kwa mkubwa mmoja huku ndugu yake akimlipa mwingine, kesi zao zikaamuliwa na mahakama mbili, na vita vikija wakawa maadui kwa amri.

Na vita vilikuja. Agosti 1914 George wa Tano wa Uingereza na Wilhelm wa Pili, wote wawili wajukuu wa Victoria, walikuwa tayari vitani. Mwezi uliofuata kikosi cha Kijerumani chini ya Kapteni Bock von Wülfingen kiliingia Kisii. Tarehe 12 Septemba kikosi cha KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza, kilikishambulia. Kapteni Thorne aliyekiongoza akauawa, na Wajerumani nao wakarudi nyuma kuelekea mpakani. Wakisii walioingia katika ofisi na maduka yaliyoachwa wazi waliadhibiwa kwa kunyang'anywa ng'ombe. Januari 1915 Waingereza wakateka Shirati, kusini tu ya mstari, kisha wakaondoka. Vitabu vingi huruka haya na kukimbilia Jenerali Smuts wa upande wa Waingereza na mapigano ya Machi 1916 chini ya Kilimanjaro. Mlima tena.

Vita vilipokwisha, katika Mkataba wa Versailles wa 1919, Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake yote. Tanganyika ikawa chini ya Uingereza, na kuanzia hapo mpaka wetu uligawa serikali moja ya kikoloni na yenyewe. Kwa miaka 40 na zaidi Mwingereza alitawala pande zote mbili, asihitaji ruhusa ya Berlin kuusogeza. Hakuusogeza. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961 na Kenya Desemba 1963. Julai 1964 wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Cairo waliazimia kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni, na aliyelisukuma azimio hilo ni Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama, mkoa mmoja na Tarime. Leo Wairege wa Ntimaru wanapiga kura Kuria Mashariki, Kenya. Jamaa zao wa ukoo huo huo wanapiga kura Tarime, Tanzania.