Kwenda kuishi na kufanya kazi Uhispania: kibali hutangulia safari

Raia wa nchi isiyo mwanachama wa Umoja wa Ulaya anayetaka kuajiriwa Uhispania hutakiwa kupata kibali akiwa bado kwao. Anayekiomba si yeye, bali mwajiri, ambaye hupeleka maombi katika ofisi ya wageni ya mkoa wake pamoja na mkataba uliotiwa saini. Ofisi huangalia kwanza iwapo kazi hiyo haiwezi kupata mtu miongoni mwa wasio na ajira waliomo nchini. Kazi chache husamehewa uchunguzi huo kwa kuwa zimo katika orodha ya zile zinazokosa watu, orodha ambayo hutolewa kila baada ya miezi 3 na ambayo kwa miaka mingi imetawaliwa na kazi za melini. Kibali kikishatoka, ndipo mfanyakazi anapokwenda ubalozini, kwa mfano Nairobi au Dar es Salaam, kuomba viza.

Utaratibu huu una jambo moja ambalo mawakala hawapendi lijulikane. Kwa sheria ya Uhispania, ada ya kibali cha kazi ya kuajiriwa hulipwa na mwajiri. Kwa hiyo anayemdai kijana wa Mombasa au Kigoma fedha za "kibali" kabla hata jina la mwajiri halijatajwa anamdai deni ambalo kisheria si lake, na mara nyingi hakuna kibali wala mwajiri.

Viza ya utalii ya eneo la Schengen haisaidii. Humruhusu mtu kukaa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, na haimpi haki ya kufanya kazi. Hali ni hiyo hiyo kwa ndugu zetu wengi wanaoishi Ujerumani, Ufaransa au Ubelgiji kwa vibali vya nchi hizo: wanaweza kuvuka mpaka kutembea, lakini hawawezi kuanza kazi Barcelona Jumatatu. Wapo wenye nafuu. Wa kwanza ni aliyepewa hadhi ya mkaazi wa muda mrefu wa Umoja wa Ulaya, ambayo huombwa baada ya kuishi kihalali miaka 5 katika nchi moja. Wa pili ni mwenye Kadi ya Buluu ya wataalamu, baada ya miezi 12 katika nchi ya kwanza. Wote wawili bado hulazimika kuomba kibali Uhispania, ila njia yao ni fupi zaidi. Ni vyema kusoma maneno yaliyochapwa kwenye kadi yenyewe, kwani kibali cha kudumu cha Ujerumani na hadhi hiyo ya Umoja wa Ulaya ni vitu viwili tofauti, ingawa huitwa kwa jina moja mitaani.

Mwanafunzi mwenye viza ya masomo ya juu huruhusiwa kufanya kazi hadi saa 30 kwa wiki, mradi masomo hayaathiriki. Kwa anayefanya kazi kwa njia ya intaneti na kulipwa na kampuni iliyo nje ya Uhispania, sheria ya mwaka 2022 ilianzisha kibali maalumu, kwa sharti kwamba kipato chake kisipungue mara mbili ya kima cha chini cha mshahara. Kima hicho mwaka 2025 kilikuwa euro 1,184 kwa mwezi, kikihesabiwa kwa malipo 14 kwa mwaka, yaani miezi 12 na nyongeza mbili, kwa desturi wakati wa kiangazi na Krismasi. Anayepewa mkataba aulize kama mshahara ulioandikwa umegawanywa mara 12 au 14. Tofauti si ndogo.

Baada ya kufika, anayekaa zaidi ya miezi 6 ana mwezi mmoja wa kuomba kadi ya mgeni, ambayo hubeba namba yake ya utambulisho. Miadi ya polisi haina malipo, lakini katika miji mikubwa huwa adimu kiasi kwamba kumezuka biashara ya kuiuza. Fomu nazo huuliza majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, kama ilivyo desturi ya Wahispania. Kwetu, ambako mtu huitwa kwa jina lake, la baba na la babu, ni rahisi majina kupangwa kwa namna moja benki na kwa namna nyingine hospitali. Dawa ni kufuata pasipoti, herufi kwa herufi, kila mahali.

Hatua yenye uzito kuliko inavyoonekana ni kujiandikisha katika daftari la wakaazi la manispaa, liitwalo padrón. Sheria inamtaka kila anayeishi nchini ajiandikishe, awe na kibali au asiwe nacho. Daftari hilo ndilo huthibitisha mtu anaishi wapi na tangu lini, na ni moja ya nyaraka za mwanzo zinazoulizwa anapoandikisha mtoto shule au kutafuta kadi ya matibabu. Wapo wenye nyumba wanaokataa mpangaji asijiandikishe kwa anwani yao. Chumba cha namna hiyo, hata kikiwa rahisi, ni ghali.

Ughali wake huonekana hasa kwa asiye na kibali. Sheria ina mlango uitwao arraigo, neno ambalo asili yake ni mzizi. Tafsiri iliyo karibu nalo ni "kutia mizizi". Kwa kanuni zilizoanza kutumika tarehe 20 Mei 2025, aliyeishi nchini miaka 2 mfululizo bila kibali, na asiye na rekodi ya uhalifu, anaweza kuomba ukaazi kwa kuonyesha mkataba wa kazi, mafungamano ya kifamilia na kijamii, au mafunzo ya ufundi. Awali ilikuwa kwa kawaida miaka 3. Lakini muda mtu aliokuwa akisubiri uamuzi wa ombi la hifadhi hauhesabiwi, na hilo limewaumiza wengi.

Miaka hiyo 2 mtu huishi vipi, ilhali haruhusiwi kufanya kazi? Wengi huishia katika vitalu nyumba vya Almería na mashamba ya stroberi ya Huelva, wakilala katika vibanda vya mbao na plastiki visivyo na maji. Philip Alston, aliyekuwa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu umaskini uliokithiri, alifika Huelva mapema mwaka 2020 na kusema kwamba hali aliyoiona yaweza kulinganishwa na mbaya kabisa alizopata kuziona duniani.

Uraia huombwa baada ya miaka 10 ya ukaazi halali. Kwa raia wa Amerika ya Kihispania, Ufilipino na Guinea ya Ikweta, koloni la Uhispania hadi mwaka 1968, ni miaka 2 tu. Mtihani wa Kihispania ni wa ngazi ya A2. Ule wa katiba na jamii una maswali 25, na anayejibu 15 sawasawa hufaulu. Mwafrika Mashariki hutakiwa pia kutamka kwamba anaukana uraia wake wa awali. Kenya imeruhusu uraia pacha tangu katiba ya mwaka 2010. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa nao, na Mtanzania anayekula kiapo Madrid hupoteza pasipoti aliyoondoka nayo.