Malaika Hana Kitabu

Kila harusi niliyowahi kuhudhuria, kuanzia Embu mjini hadi Mombasa, lazima ifike saa ya "Malaika". Kijana hana pesa za kuoa, sisi tunaimba naye huku tukila pilau ya watu wenye pesa. Sasa uliza meza nzima: nani aliutunga? Wengi watasema Miriam Makeba. Wachache watasema Fadhili William, aliyeurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mtu wa pwani atakutajia Grant Charo. Halafu atatokea mzee mmoja na hadithi ya Adam Salim, aliyedai kuutunga katikati ya miaka ya 1940, wakati Fadhili, aliyezaliwa 1938, alikuwa bado mtoto mdogo.

Makeba, ambaye aliukuta wimbo ukiwa tayari, ana kitabu. Mwaka 1988 alitoa *Makeba: My Story* akishirikiana na mwandishi James Hall. Fadhili alifariki 2001 bila kuacha chake. Sisemi kitabu kingemaliza ubishi, maana mtu anaweza kudanganya kwa kurasa mia tatu akiamua. Lakini uongo wa kitabuni una tarehe na majina, unaweza kuukagua. Hizi za "nilisikia kwa mjomba" utazikagua vipi?

Njia ya kawaida kwetu ni mwanamuziki kuishi, mwingine kuandika. Mfano mkubwa ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata 1880, katika familia yenye asili ya utumwa. Aliuza vyungu akiinadi bidhaa yake kwa sauti, na ile sauti ndiyo iliyomfikisha mjini, kisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Kabla yake taarab ya wakubwa wa Unguja iliimbwa kwa Kiarabu. Siti hakujua kusoma wala kuandika. Alifariki mwaka 1950, na maisha yake tunayasoma kwa mkono wa Shaaban Robert, katika *Wasifu wa Siti binti Saad*.

Nakipenda hiki kitabu. Bila yeye tungebaki na santuri zinazokwaruza na porojo za Ng'ambo. Lakini kisome tena ukiwa mkubwa, si kwa ajili ya mtihani. Siti wa Shaaban Robert ni mfano wa tabia njema: mvumilivu, mnyenyekevu, ameshinda dhiki. Shaaban alikuwa mwalimu wa maadili hata alipoandika barua, na Siti akawa somo lake zuri. Mimi nataka kujua pesa za santuri ziligawanywa vipi kati yake na wapigaji wake. Nataka kujua alisema nini mlango ukishafungwa, baada ya wapinzani wake kumwimbia matusi kuhusu asili yake. Huo mdomo wake haumo kitabuni. Umo wa Shaaban, na ni mtamu, ila si wake.

Huku kwetu, Manyatta, chini ya msitu wa Mlima Kenya, nyimbo za Joseph Kamaru hazihitaji mkalimani. Kiembu na Kikuyu zinasikilizana. Kamaru alizaliwa 1939 Kangema, na mwaka 1975, J.M. Kariuki alipouawa, aliimba waziwazi mambo ambayo watu wazima waliyanong'ona. Alikuwa na leibo yake na duka lake, yaani hakungoja ruhusa ya mtu kutoa sahani. Alifariki Oktoba 2018. Mjukuu wake mwenye jina lile lile, anayejulikana kama KMRU, amekuwa akizirudisha nyimbo hizo mtandaoni. Kwa hiyo nyimbo zimepata mrithi. Yale yaliyotokea kati ya wimbo na wimbo, nani alimpigia simu, nani aliacha kumsalimia, hayo hayamo kwenye sahani.

Ndiyo maana sikuweza kukataa mwaka jana, mzee mmoja jirani yetu aliponiletea madaftari manne ya mistari niyapige chapa. Alianza utotoni akigonga karing'aring'a kwenye mwomboko, akashika gita, akapiga kwenye baa za Embu na Kirinyaga, akarekodi sahani moja Nairobi. Leibo ilipotoka, mahali pa mtunzi palikuwa na jina la mwenye studio. Sahani anayo mpaka leo, imefungwa kwa gazeti. Nilimwambia mimi chuo sikumaliza. Akasema hata yeye gita hakulisomea.

Anataka kujichapishia. Watu husema hilo kama aibu, kana kwamba umekataliwa kila mahali. Lakini David Maillu alifanya hivyo Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alianzisha Comb Books, akatoa *My Dear Bottle* mwenyewe, na vijana wakakigombania. Tanzania ikavipiga marufuku vitabu vyake, tangazo zuri kuliko lolote ambalo angelipia. Leo ISBN unaomba Maktaba ya Taifa, na kazi ya uchapaji inafanywa River Road, mitaa ile ile mzee aliyoranda na gita akitafuta mtu wa kumrekodi.

Tatizo ni mimi. Ninapopiga chapa, vidole vinataka kunyoosha. Ameandika kwamba mpiga besi wao alilipwa kwa nyama choma na soda miaka miwili, kisha akaacha muziki akawa kondakta wa matatu. Sentensi haina nukta mahali popote. Nikaikata vipande vitatu, nikaongeza "kwa masikitiko makubwa". Mzee akaisoma polepole, miwani ikiwa puani.

"Nani alisikitika?"

"Si wewe, mzee?"

"Mimi nilifurahi. Alikuwa anapiga besi vibaya sana, kijana wangu. Toa hiyo."

Nimeitoa. Tuko daftari la pili.