Mtandao Wazi na Mtandao Huria: Istilahi Mbili za Pasiwaya

Istilahi pasiwaya imeundwa kwa kuunganisha neno pasi, lenye maana ya bila, na nomino waya, na hutumika kutaja mawasiliano yanayosafirishwa kwa mawimbi ya redio badala ya kupita kwenye nyaya. Kiswahili kilikwisha kulikabili jambo hili kwa njia nyingine kilipoziita redio za mawasiliano za polisi simu ya upepo, jina ambalo halikutaja kilichokosekana bali kile kilichodhaniwa kuibeba sauti. Katika mazungumzo ya kila siku, wakazi wa Dar es Salaam husema waifai, neno lililotoholewa kutoka jina la kibiashara Wi-Fi, ambalo si kifupisho cha maneno yoyote, na ambalo lilianza kutumika mwaka 1999 kwa vifaa vinavyofuata kiwango cha 802.11 kilichotolewa mwaka 1997.

Mkanganyiko mkubwa, hata hivyo, hauletwi na maneno hayo bali na neno mtandao, ambalo katika nyumba ya Tegeta au Chamazi hubeba viungo viwili kwa pamoja: kile kati ya simu na ruta, yaani kifaa kinachopokea intaneti na kuigawa ndani ya nyumba, na kile kati ya ruta na kampuni inayotoa huduma. Mahali ambapo faiba haijafika, ruta hutumia laini kama ya simu, hivyo viungo vyote viwili ni vya pasiwaya, na mtu anayesema kwamba mtandao unasumbua hajaeleza bado ni upi unaosumbua. Njia ya kuvitenganisha ni kuandika kwenye kivinjari anwani iliyobandikwa chini ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukurasa wa ruta ukifunguka ilhali tovuti nyingine hazifunguki, basi kiungo cha kwanza ni kizima, na kinachopaswa kuchunguzwa ni bando, laini au mnara.

Viungo hivyo viwili hugombania hata mahali pa kuiweka ruta, kwa sababu mnara huonekana vizuri zaidi dirishani, ilhali vyumba hufikiwa vizuri zaidi kutoka katikati ya nyumba. Mawimbi ya gigahezi 2.4, yenye urefu wa takriban sentimita 12.5, hupenya ukuta wa matofali ya saruji vizuri zaidi kuliko yale ya gigahezi 5, ambayo hubeba data kwa kasi zaidi lakini huchoka mapema. Yote mawili huzuiwa na bati na hudhoofishwa na maji, ndiyo maana ruta iliyowekwa nyuma ya jokofu au karibu na tangi huonekana mbovu pasipo ubovu wowote. Katika nyumba za kupanga za Mbagala, ambako kila chumba kinaweza kuwa na ruta au simu inayogawa bando, huongezeka msongamano wa chaneli, yaani vijia vya mawimbi: katika gigahezi 2.4, chaneli zinazotumika kwa pamoja bila kuingiliana kwa kawaida ni 1, 6 na 11 tu.

Yote hayo yakiwa sawa na kasi ikabaki ndogo, ukurasa uleule wa ruta huonyesha orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na hapo ndipo mwenye nyumba yenye simu tatu anapoweza kukuta vifaa saba. Suala la ufundi linageuka kuwa la maadili, nalo linahitaji istilahi makini zaidi kuliko mtandao wazi, ambayo imezoeleka kwa kila mtandao usiodai nenosiri.

Kiswahili kina maneno mawili mahali hapa. Wazi hueleza hali ya kitu kisichofungwa, kama mlango. Huria hueleza ruhusa iliyotolewa kwa makusudi, kama katika soko huria au Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kwa hiyo inafaa mtandao wazi uwe ule usio na kufuli, hata kama ni kwa kusahau, na mtandao huria uwe ule ambao mwenyewe ameutangaza kuwa wa watu wote, kama wa mgahawa au maktaba. Ulegevu wa wa kwanza haupaswi kuhesabiwa kuwa ukarimu wa wa pili.

Hoja ya kwamba ruta yenyewe imekubali haitoshi. Ni kweli kwamba simu hutuma ombi la kujiunga na ruta hulijibu, mfano wa hodi na karibu. Lakini karibu hiyo hutolewa na mashine kwa yeyote, ilhali kwa desturi ya uswahilini hata mlango ulio wazi hupigiwa hodi hadi mwenyeji aitike. Wala mtandao si kama taa ya kibarazani inayomwangazia mpita njia pasipo hasara. Katika nyumba inayonunua bando kwa gigabaiti, unafanana zaidi na maji ya tangi, ambayo kila ndoo inayochotwa hupungua kwa aliyelipia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inapokataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na isivyo halali, haikuweka sharti kwamba kufuli liwe limevunjwa.

Mgeni asiyealikwa naye hujiweka hatarini, kwa kuwa mtandao usio na nenosiri kwa kawaida hauna usimbaji fiche, yaani ugeuzaji wa ujumbe usomeke na mlengwa pekee, na mwenye ruta huweza kuziona tovuti zinazotembelewa. Mwenye ruta, kwa upande wake, hubeba anwani ya intaneti ambayo uovu wa mgeni utaonekana kutokea kwayo. Kwa hiyo mwenye ruta na aweke nenosiri jipya badala ya lile lililobandikwa chini yake, na jirani mwenye shida na apige hodi kwa mwenye nyumba, si kwa ruta.