Moja na nusu, au elfu moja mia tano?

Mwaka juzi nilianza kuwasaidia watoto hesabu wakati wa jioni, katika jengo la vijana la makazi yetu hapa kusini magharibi mwa Uganda. Mimi si mwalimu wa kusomea. Nilimaliza sekondari, nikapata kazi ya kushughulika na vijana: mpira, ngoma, mikutano ya usafi. Siku moja wazazi wakaja wakasema mpira ni mzuri lakini watoto wanaanguka hesabu. Msimamizi akanitazama mimi. Nikasema sawa. Nilidhani mtu anayejua hesabu anajua pia kuifundisha.

Wiki ya pili niliandika ubaoni 1,500 ÷ 3. Mvulana mmoja wa miaka kumi na miwili, aliyekuwa ametoka Rutshuru miezi michache tu, akaandika jibu: 0,5. Nikamwekea kosa kwa kalamu nyekundu. Tena nikamwambia mbele ya wenzake, "Wewe, ugawanye elfu moja mia tano kwa tatu upate nusu? Hizo pesa nyingine amekula nani?" Wote wakacheka. Hata mimi nilicheka.

Kesho yake niliwapa 156 kugawanya kwa 12. Yule mvulana akaandika 156, akachora mstari wa kusimama, akaweka 12 upande wa kulia, na 13 chini ya ile 12. Jibu lilikuwa 13 kweli, lakini sikuielewa njia yake. Nikamwambia arudie "vizuri". Hakurudia. Wiki iliyofuata hakuja.

Nilimkuta mama yake kwenye bomba la maji. Nikamsalimia, nikamuuliza mbona mtoto haonekani.

"Mwanangu," akasema, "yule kule nyumbani alikuwa wa pili darasani. Shule ya huku wamemrudisha darasa la tatu kwa sababu ya Kiingereza. Na wewe ukamwambia hata hesabu hajui. Sasa anasema hesabu ya Uganda si yake."

Maneno hayo sikuyasahau. Sote tunasema hesabu ni lugha ya dunia nzima, eti mbili na mbili ni nne popote. Nilikuwa nawaambia watoto hivyo hivyo. Jioni ile nikaenda kwa mzee mmoja aliyefundisha shule ya msingi Congo miaka mingi, ambaye sasa analima tu shamba lake hapa. Akaandika chini kwa kijiti: 1,500.

"Kijana, nisomee."

"Elfu moja mia tano, Mwalimu."

"Mimi nasoma moja na nusu. Sasa kati yetu nani mwongo?"

Nikanyamaza. Akaendelea: kule Congo, kama Ubelgiji na Ufaransa, koma ndiyo inayotenga namba nzima na vipande vyake. Elfu hutengwa kwa nafasi au kwa nukta. Uganda, kama Uingereza, ni kinyume: nukta ndiyo ya vipande, koma ni ya maelfu. Moja na nusu ukiigawanya kwa tatu unapata nini? Unapata nusu. Mtoto alikuwa amepata. Mimi niliyekulia huku na kusoma sekondari ya huku ndiye nilikuwa sijui kusoma alichoandika.

Na ule mstari wa kusimama? Mzee akacheka. Ndivyo Wabelgiji na Wafaransa wanavyoandika kugawanya: namba inayogawanywa kushoto, inayogawa kulia, jibu chini yake. Waingereza huweka inayogawa kushoto na jibu juu. Kazi ni ileile, ila kila mtu anaipanga kivyake.

Tangu siku ile nikawa natafuta na kusoma: hizi alama zilitoka wapi, na nani aliamua? Nitaeleza niliyoyapata, kwa sababu naona yanatuhusu sisi tuliovuka mpaka, na yanawahusu pia ndugu wanaokuja kutusaidia.

Tarakimu zenyewe, 1 mpaka 9 pamoja na sifuri, zilianzia India, zikapita kwa Waarabu, ndipo zikafika Ulaya. Lakini kwa muda mrefu Ulaya walizitumia kwa namba nzima tu. Vipande waliviandika kwa sehemu, na mahesabu ya sehemu yalikuwa mateso kama yanavyowatesa watoto wetu leo. Mwaka 1585 mtu mmoja aitwaye Simon Stevin, mzaliwa wa mji wa Bruges, alitoa kijitabu kidogo kuonyesha kwamba vipande vinaweza kuandikwa kwa kumi, mia na elfu, na kuhesabiwa kama namba za kawaida. Hakukiandikia wasomi peke yao. Aliwataja wapima ardhi, wapima vitambaa na mvinyo, na wafanyabiashara. Ilikuwa hesabu ya watu wa kazi.

Stevin hakutumia nukta wala koma. Aliweka viduara vidogo vyenye namba ndani kuonyesha nafasi ya kila tarakimu. Ilichosha macho, basi waliomfuata wakatafuta njia fupi. John Napier wa Scotland, katika kitabu cha mwaka 1617, alisema mtu anaweza kuweka nukta au koma. Au! Kwa Napier zote mbili zilikuwa sawa. Yale niliyompigia mtoto kalamu nyekundu, mmoja wa waanzilishi wenyewe aliyaruhusu miaka 400 iliyopita.

Kwa nini basi watu wakagawanyika? Sababu moja ni Leibniz, Mjerumani. Mwaka 1698 alimwandikia mwenzake kwamba hapendi alama ya × ya kuzidisha kwa kuwa inafanana na herufi x. Yeye alitaka nukta itumike kuzidisha. Ulaya bara wengi wakafuata desturi hiyo, na nukta ikishakuwa na kazi ya kuzidisha, koma ndiyo inabaki kwa vipande. Waingereza wakaendelea na × yao na nukta yao. Hata alama ya kugawanya, ÷, si ya kila mahali: ilichapishwa mwaka 1659 katika kitabu cha Mswisi Johann Rahn, ikashika sana Uingereza, huku Leibniz akipendelea nukta mbili, moja juu ya nyingine. Kwa hiyo mtoto wa Congo akiandika 12 : 3 hajakosea. Anagawanya.

Mpaka hapo ni ugomvi wa Wazungu na kalamu zao. Ulifikaje kwetu? Ulifika kwa njia ileile iliyoleta mipaka. Uganda ilikuwa chini ya Waingereza tangu 1894 mpaka 1962. Congo ilikuwa mali ya mfalme Leopold tangu 1885, kisha koloni la Ubelgiji tangu 1908 mpaka 1960. Rwanda na Burundi nazo ziliingia mikononi mwa Wabelgiji baada ya vita kuu ya kwanza. Kila mtawala na wamisionari wake walikuja na vitabu vyao na chaki yao. Jamaa walewale, wenye mashamba pande mbili za kilima kimoja, wakajikuta watoto wa huku wanaandika nukta na wa kule wanaandika koma. Na hakuna aliyewaeleza kwamba ni desturi tu. Waliambiwa ndiyo hesabu.

Kisa cha pili kilitokea hapahapa Uganda. Mwaka 1962, mwaka wa uhuru, wataalamu wa hisabati kutoka Marekani, Uingereza na nchi kadhaa za Afrika walikutana Entebbe kuandika vitabu vipya. Walirudia kukutana miaka iliyofuata. Vitabu hivyo vilijulikana kama Hisabati ya Entebbe. Ilikuwa sehemu ya ile "hisabati mpya" iliyokuwa ikienea duniani: badala ya kukariri, mtoto aanze na seti, aelewe sababu ya kila hatua. Nia ilikuwa nzuri, na mimi mwenyewe napenda mtoto aelewe sababu.

Lakini kitabu hakijifundishi chenyewe. Walimu wengi wa shule za msingi walikuwa wamesoma hesabu ya zamani, na muda wa kuandaliwa ulikuwa mfupi. Wazazi nao walifungua daftari la mtoto wakakuta mambo wasiyoyajua, wakashindwa kumsaidia. Malalamiko yakaongezeka, na mwaka 1981 serikali ya Kenya ikaiondoa hisabati mpya shuleni. Nikisoma habari hiyo namuona yule mama wa bomba la maji. Ukibadilisha alama bila kuwachukua mwalimu na mzazi pamoja nawe, mtoto anabaki katikati, na atasema hesabu si yake.

Sasa nifanye nini mimi, mtu wa mpira na ngoma? Nieleze ninavyofanya siku hizi, wenzangu wachukue kinachowafaa.

Kwanza, kabla ya kusahihisha nasema, "Nisomee namba hii kwa mdomo." Ni maneno machache tu, lakini yananionyesha kama mtoto hajui, au anajua kwa maandishi mengine. Sokoni watoto hawakosei, kwa sababu bei ya sabuni wanaijua kabla ya kuiona imeandikwa. Kwenye daftari hakuna sabuni, kuna alama tu, ndipo wanapopotea. Basi nasomesha kwa mdomo, nauliza kama ni pesa au ni kilo, halafu ndiyo tunaandika.

Pili, maelfu naandika kwa nafasi: 1 500. Sikubuni mimi. Mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliamua mwaka 2003 kwamba nukta na koma zote ni halali kwa vipande, na ukarudia agizo lake la mwaka 1948 kwamba maelfu yatengwe kwa nafasi, siyo kwa nukta wala koma. Ndugu wa mashirika, nawaomba mlifikirie hili mnapotengeneza fomu na mabango. Mzazi aliyesoma Congo na aliyesoma Uganda wote wataisoma 1 500 vilevile.

Tatu, kugawanya tunafanya mara mbili ubaoni. Mtoto wa Congo anaandika kwa mstari wake, mtoto wa Uganda kwa wake, darasa linangoja. Zote zinatoka 13. Hapo kelele inakuwa ya mpira! Baada ya hapo nasema wazi: mtihani wa huku unataka maandishi ya huku, kwa hiyo tutayajifunza, kama tunavyojifunza Kiingereza bila kutupa Kiswahili chetu. Siwezi kumdanganya mtoto kwamba msahihishaji atamwelewa. Nikimficha hilo nitakuwa nimemkosea mara ya pili.

Na si Congo tu. Mtoto aliyeanza shule kwa Kiarabu Sudan anaandika tano kama kiduara kinachofanana na sifuri yetu, na sifuri yake ni nukta. Ukimpa kalamu nyekundu kabla ya kumuuliza, utakuwa umeharibu siku yake bure.

Mara moja moja nawapa pia somo la Ishango. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alikuwa anachimba pale Ishango, Kivu ya Kaskazini, mahali Ziwa Edward linapotoa mto Semliki. Alipata mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa katika mistari mitatu. Unakadiriwa kuwa wa miaka 20 000 hivi. Wataalamu bado wanabishana mikato ile ilikuwa ya kazi gani, lakini mikato yenyewe inahesabika. Nachora kwa makaa kwenye ubao: mstari mmoja una 11, 13, 17 na 19. Wa pili una 11, 21, 19 na 9. Wa tatu una 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Wanajumlisha: 60, 60 na 48. Hakuna koma, hakuna nukta, hakuna wa Uganda wala wa Congo wa kumcheka mwenzake. Msichana mmoja aliuliza huo mfupa uko wapi sasa. Nikamwambia uko kwenye jumba la makumbusho Brussels. Akauliza kwa nini. Hapo nilikosa jibu la haraka.

Yule mvulana wa Rutshuru nilimfuata nyumbani kwao. Nilimwambia mbele ya mama yake kwamba 0,5 yake ilikuwa sahihi na kwamba mimi ndiye nilisoma vibaya. Hakusema kitu, aliangalia chini. Alirudi baada ya muhula mzima, na muhula mzima kwa mtoto aliyekwisha kurudishwa darasa ni mwingi. Siku hizi anakaa mbele. Nikiandika namba ubaoni ananyoosha mkono kabla sijauliza lolote, na anachouliza ni kilekile kila siku: "Hiyo koma ni ya huku au ya kwetu?"

Nami najibu kwanza, ndipo tunaendelea.